Usipoziba Ufa: Nani wa Kulaumiwa Kompyuta Zinapovamiwa?

(Haya ni mazungumzo aliyoyatoa mmoja wa wanafunzi wa zamani katika ukumbi wa shule, siku ya mkutano wetu wa mwaka, mara baada ya mdahalo wa wanafunzi. – Mhariri)



Nilipokuwa mwanafunzi hapa nilisimama mbele ya ukumbi huu mara moja tu, na mara hiyo niliitwa kwa kosa. Leo nimeitwa kwa heshima. Basi mtaniwia radhi magoti yakitetemeka. Yanakumbuka ya zamani.

Nimeusikiliza mdahalo wa vijana wetu tangu mwanzo mpaka mwisho. Hoja ilikuwa: "Vyombo vya habari huwatia watu hofu kupita kiasi juu ya kasoro za kompyuta." Upande wa kuunga mkono ulisema kwamba kila mwaka tunaambiwa dunia inakwisha, na kila mwaka jua linachomoza kama kawaida. Upande wa kupinga ulisema kwamba anayepiga kelele nyumba ikiungua hana kosa hata kama sauti yake ni mbaya. Kura zikapigwa, na wanaounga mkono wakashinda. Mimi ni mgeni, sikuwa na kura. Lakini kazi yangu kwa zaidi ya miaka 20 imekuwa kutunza kompyuta za watu, na katika jambo hili nina deni ambalo nitalieleza.

Kwanza tukubaliane juu ya kitu chenyewe. Kila kompyuta ina programu kuu inayoamka inapowashwa. Wataalamu wanaiita mfumo wa uendeshaji. Kazi yake ni kama ya kiranja mkuu mwenye funguo zote: ndiye anayeamua nani aingie, nani aandike, nani asome na nani azuiwe mlangoni. Windows ni mfumo wa namna hiyo, na hata simu iliyo mfukoni mwako ina wake. Mfumo mmoja una mamilioni ya mistari ya maandishi, na waliouandika ni watu. Penye kazi ya mtu hapakosi kosa. Kosa likiwa la namna inayomwezesha mgeni kubisha kwa ujanja fulani na kiranja akamfungulia, hilo ndilo tunaloliita kasoro ya usalama. Mimi nitaliita ufa. Na programu ndogo inayotolewa na mtengenezaji ili kuuziba ufa huo huitwa kiraka.

Sasa niwape haki yao walioshinda. Msemaji wao wa kwanza hakusema uwongo. Mwaka 1992 kulikuwa na kirusi kilichoitwa Michelangelo. Kilisafiri kwa diski laini, zile tulizokuwa tukizibeba mfukoni, na kilitegwa kiamke tarehe 6 Machi, siku aliyozaliwa yule mchongaji maarufu wa Italia. Kikiamka, kiliharibu yaliyomo katika kompyuta. Magazeti na televisheni za Marekani zilitangaza kwamba huenda kompyuta zipatazo milioni 5 zingeangamia. Makadirio ya namna hiyo yalitoka kwa watu waliokuwa na dawa ya kuuza. Siku ilipofika, kompyuta zilizodhurika zilihesabiwa kwa maelfu tu. Waandishi walikuwa wameuliza bei ya dawa, hawakuuliza hesabu ya wagonjwa. Hilo ni kosa la kazi, na sina utetezi wake.

Lakini msemaji wa pili alipoutaja mwaka 2000, hapo nilitaka kuinua mkono. Mnakumbuka, au baba zenu wanakumbuka: programu nyingi za zamani ziliandika mwaka kwa tarakimu mbili, na ikahofiwa kwamba ikifika 00 kompyuta zitadhani ni mwaka 1900. Magazeti yalitisha sana. Tarehe 1 Januari 2000 ikafika, na matatizo yakawa machache. Watu wakacheka, wakasema tumedanganywa. Hawakuwaona wale mafundi waliokaa miaka kadhaa wakisahihisha mstari mmoja baada ya mwingine. Ndugu zangu, aliyechanjwa ndui akakosa kuugua hawezi kusema ndui haikuwepo. Wakati mwingine kelele huonekana za bure kwa sababu zimesikika.

Nami nilikuwa miongoni mwa waliocheka. Hapa ndipo penye deni langu.

Mwaka 2003 nilikuwa msimamizi wa kompyuta katika ofisi moja iliyoshughulika na malipo ya wastaafu. Tarehe 16 Julai mwaka huo kampuni ya Microsoft ilitangaza ufa mkubwa katika Windows, ikatoa na kiraka siku hiyo hiyo. Nilisoma habari hiyo katika gazeti. Kichwa chake kilikuwa cha kutisha, maneno yake mengi, na kiraka kimetajwa katika sentensi moja ya mwisho. Nikalikunja gazeti. Nikajiambia, "Haya ni yale yale ya Michelangelo na ya mwaka 2000." Intaneti yetu ilikuwa ya polepole, kompyuta zilikuwa nyingi, na Jumamosi nilikuwa na harusi. Nikasema nitafanya wiki ijayo. Wiki ijayo ina dada zake wengi.

Tarehe 11 Agosti, siku 26 baada ya kiraka kutolewa, duniani kukazuka programu haribifu iliyoitwa Blaster. Haikuhitaji mtu afungue barua wala apachike diski. Ilipita katika waya wa mtandao, ikatafuta kompyuta yenye ufa ule, ikaingia, kisha ikaanza kutafuta nyingine. Ndani yake aliyeiandika aliacha maneno ya kumkejeli Bill Gates, kwamba aache kutafuta fedha na atengeneze programu zake. Kwetu iliingia siku chache baadaye, nadhani kwa kompyuta ya mkononi ya mgeni aliyeunganishwa katika mtandao wetu. Nilichokiona kwanza ni kisanduku kidogo katika kioo kikisema kwamba kompyuta itajizima, na chini yake saa ikihesabu kurudi nyuma kuanzia sekunde 60. Ikajizima, ikajiwasha, ikahesabu tena. Kabla ya saa nne asubuhi kila meza ilikuwa na saa yake.

Ilikuwa siku ya malipo. Kwenye mabenchi ya nje walikuwa wameketi wazee waliotoka mbali, wengine wamelala kwa jamaa zao mjini ili wawahi. Nikabandika karatasi mlangoni: "Mtambo umeharibika." Siku ya pili mzee mmoja, mwalimu mstaafu, akaniita pembeni.

"Shikamoo, mwalimu," nikamwambia.

"Marahaba, mwanangu. Umeharibika nini, huo mtambo?"

Nikamweleza kwa kirefu juu ya watu wabaya walioko nchi za nje wanaotunga programu za kuharibu. Akanisikiliza kwa utulivu mpaka mwisho, kama anayesahihisha daftari.

"Na ninyi mlikuwa na habari?"

"Tulikuwa nayo, mwalimu."

"Tangu lini?"

"Mwezi uliopita."

Hakunigombeza. Alirudi kwenye benchi akaketi. Malipo yalichelewa siku tatu, na yule mzee alikuja siku zote tatu. Niliyomwambia juu ya watu wabaya yalikuwa kweli tupu, lakini hayakuwa jibu la swali lake.

Kwa hiyo, vijana, nisiposhangilia sana ushindi wa leo msinione mtu wa upande wa pili. Nawaomba tu tuigawe lawama kama unavyogawa urithi: kila mrithi apate fungu lake, na asipewe la mwenzake.

Fungu la kwanza ni la mtengenezaji. Kwa miaka mingi makampuni yalishindana kuongeza mapambo na wepesi katika programu zao, na usalama ukangoja. Tarehe 19 Julai 2001 programu haribifu iitwayo Code Red iliingia katika kompyuta zaidi ya 350,000 kwa muda usiofika saa 14. Magazeti yakapiga kelele. Mwezi Januari 2002 Bill Gates aliwaandikia wafanyakazi wote wa Microsoft waraka, akawataka wakilazimika kuchagua baina ya kuongeza kitu kipya na kuimarisha usalama, wachague usalama. Oktoba 2003, baada ya Blaster, kampuni hiyo ikaanza desturi ya kutoa viraka kwa siku maalumu, Jumanne ya pili ya kila mwezi, nayo inaendelea hadi leo. Sidhani kwamba hayo yote yangefanyika haraka hivyo kama hadithi ya nyufa ingebaki siri ya mafundi. Hapa kelele za magazeti zilisaidia: zilimfanya mwenye duka aone haya.

Fungu la pili ni la anayeuona ufa kwanza. Je, autangaze au anyamaze? Akitangaza kabla kiraka hakijawa tayari, amewaonyesha wezi dirisha. Akinyamaza milele, mtengenezaji analala usingizi. Kampuni ya Google ina kikundi cha wataalamu kilichoanzishwa mwaka 2014, ambacho humpa mtengenezaji siku 90 kisha hutangaza. Januari 2015 kikundi hicho kilitangaza ufa wa Windows siku 2 tu kabla ya Microsoft kutoa kiraka chake. Microsoft ililalamika kwamba wateja wake wamewekwa hatarini kwa ajili ya kushika kalenda. Google ilishikilia kwamba muda ni muda. Mimi naona muda maalumu ni jambo jema, lakini mwenye busara hashindwi kungoja siku 2 nyumba inapopigwa lipu.

Wapo na wanaouona ufa wakaufanya silaha. Hapo naingia katika mfano wa mwisho, kwa sababu ndani yake mafungu yote yanaonekana.

Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha ufa mmoja wa Windows. Mwezi uliofuata, tarehe 14 Aprili, watu wasiojulikana walimwaga hadharani ufunguo wa kuupenyeza ufa huo. Baadaye Microsoft ilisema waziwazi kwamba ufunguo huo uliibwa kutoka NSA, shirika la ujasusi la Marekani, ikazilaumu serikali zinazojiwekea akiba ya nyufa badala ya kumwarifu mtengenezaji. Ijumaa tarehe 12 Mei ikazuka WannaCry. Ilifunga majalada ya kompyuta na kudai dola 300 ili iyafungue. Katika siku chache iliingia zaidi ya kompyuta 200,000 katika nchi zipatazo 150. Hesabuni wenyewe: tangu kiraka mpaka shambulio ni siku 59.

Huko Uingereza hospitali za umma ziliumia sana. Taarifa ya mkaguzi mkuu wa hesabu iliyotolewa Oktoba mwaka huo ilionyesha kwamba taasisi za hospitali zilizoathiriwa zilikuwa angalau 81 kati ya 236, na ilikadiriwa kwamba miadi ya wagonjwa zaidi ya 19,000 ilifutwa, pamoja na ya upasuaji. Siku zile magazeti mengi yalishikilia kisa kimoja: kwamba hospitali zilitumia Windows XP, mfumo uliozeeka na kuachwa na mtengenezaji tangu Aprili 2014. Kisa kilikuwa kitamu. Lakini ukaguzi ulionyesha kwamba kompyuta nyingi zilizoambukizwa hazikuwa na XP. Zilikuwa na Windows 7, ambayo wakati huo ilikuwa bado inapata viraka. Kiraka kilikuwepo, na maonyo ya kukiweka yalikwisha kupelekwa Machi na Aprili. Hakikuwekwa.

Hapo ndipo ninapowalaumu waandishi, kuliko ninapowalaumu kwa kutisha. Aliyesoma kwamba kosa ni XP, na ofisini kwake hakuna XP, alifunga gazeti akiwa na amani. Ametishwa sana, na bado hakuonywa. Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Lakini mgambo mwema akishapuliza pembe hutaja jambo lenyewe: moto uko mtaa gani, nani yuko hatarini, na watu waje na ndoo au wakimbie. Habari ya ufa wa kompyuta inapaswa kujibu maswali matano: ni mfumo gani, toleo lipi, kiraka kipo au hakipo, kinapatikanaje, na anayesema haya anauza nini? Habari isiyojibu hayo ni pembe tupu.

Fungu la tatu, na mnisamehe, ni letu sisi wenye kompyuta. Najua magumu yake. Viraka ni vizito, na kifurushi cha intaneti kinanunuliwa kwa fedha. Wengi wamewekewa Windows za kunakili mitaani, na wanaogopa kuweka viraka wasije wakagundulika. Tena kiraka chenyewe chaweza kuumiza. Tarehe 19 Julai 2024 kampuni ya ulinzi wa kompyuta iitwayo CrowdStrike ilituma marekebisho yenye kosa, yakaangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5 za Windows, ndege zikakwama viwanjani. Habari za mwanzo zilimtwika lawama Microsoft, kumbe ufa ulitoka kwa mlinzi. Kwa hiyo sisemi mmeze kila dawa bila kuisoma. Mwenye kompyuta nyingi aweke kiraka katika mbili tatu kwanza, aangalie siku chache, kisha aendelee na nyingine. Siku chache zinatosha. Mimi nilijipa 26, na wale wa hospitali walikuwa nazo 59.

Sasa nimalizie na la hapa nyumbani, ndugu wanachama wenzangu. Leo asubuhi kabla ya mdahalo nilimwomba mwalimu wa kompyuta anifungulie chumba chake. Nilikuta kompyuta 22. Kumi kati ya hizo tulizileta sisi, zikiwa zimetumika maofisini kwetu, na kamati iliyozikusanya niliiongoza mimi. Tulipiga picha, tukakabidhi, tukapigiwa makofi, tukaondoka. Nimeziwasha zile kumi. Zote zina Windows 10, ambayo Microsoft iliacha kuitolea viraka vya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Katika nane, hata viraka vilivyotolewa kabla ya tarehe hiyo havikuwekwa. Kila ilipokumbusha, mtu alibonyeza kuahirisha. Simlaumu mwalimu. Hakuna aliyemwachia fedha ya kifurushi, wala aliyemwambia kwamba zawadi ile inahitaji matunzo. Na katika kompyuta hizo hizo yanatunzwa majina ya wanafunzi, alama zao na namba za simu za wazazi wao.

Nikakumbuka benchi la wastaafu. Safari hii hakuna gazeti lililonitisha na hakuna kampuni iliyoficha jambo. Nilijua, nikatoa zawadi yenye ufa.

Kwa hiyo natoa mapendekezo matatu, na naomba yaandikwe katika kumbukumbu za mkutano. Kwanza, Chama kitenge kila mwaka fedha ya intaneti kwa ajili ya viraka peke yake. Pili, kompyuta zinazofaa zihamishiwe mfumo ambao bado unatunzwa. Upo Linux usiolipiwa, na kompyuta kongwe nyingi zinaumudu. Zisizofaa zitolewe katika mtandao na zibaki za kujifunzia. Tatu, wateuliwe wanafunzi wawili wa kidato cha tatu wamsaidie mwalimu. Mimi nitakuja mwenyewe Jumamosi inayofuata Jumanne ya pili ya kila mwezi, kwa nauli yangu, mpaka vijana hao waweze kunifukuza.

Na kwenu vijana mlioshinda mdahalo: mlistahili ushindi, kwa kuwa mlijiandaa vizuri. Endeleeni kuyahoji magazeti. Lakini mnapokuta habari ya kutisha juu ya kompyuta, msiishie kuuliza kama mwandishi ametia chumvi. Ulizeni kama chumba chenu kina ufa huo, na kama kiraka kipo. Mkiona kipo, kiwekeni, kisha mrudi ukumbini mwendelee kumlaumu mwandishi.

Yule mwalimu mstaafu sikumwona tena. Swali lake ninalo hadi leo, nami nawaachieni ninyi: mlikuwa na habari tangu lini?